Uzoefu wangu: jeki ya Hi-Lift ndani ya Land Cruiser ya safari, kazi ya fundi wa Unga Limited

Gari langu ni Land Cruiser 78 ya kubebea watalii, na jeki ya Hi-Lift ya inchi 48, ile ndefu ya mkono inayopanda nguzo ya chuma, nimeifungisha ndani, nyuma ya siti ya mwisho. Kazi aliifanya fundi wa bodi wa hapa Arusha, eneo la Unga Limited. Nimetembea nayo masika na kiangazi, kwenye lami ya Karatu na kwenye matope ya Ndutu. Kwa mwenye haraka: ndani ni pazuri kuliko nje, kwa sharti kwamba jeki ishikwe na chuma cha gari lenyewe. Kama itashikwa na bati au miguu ya siti, bora uiache kwenye keria.

Magari mengi yanayotoka mjini asubuhi yana Hi-Lift juu ya boneti, juu ya keria, au imebanwa kwenye bampa ya nyuma. Kwa mahali penye mvua za wastani na lami ndefu hilo linaweza kufaa. Kwetu tatizo ni vumbi. Jeki hii haina sili wala mafuta ya ndani kama jeki ya kawaida ya mafuta. Inapanda nguzo yake kwa pini mbili zinazopokezana matundu, kila moja ikisukumwa na springi ndogo. Ukishamaliza lami pale geti la Lodoare la kuingilia Ngorongoro, ukazunguka kreta na kushuka kuelekea Naabi, geti la Serengeti, vumbi linalopanda nyuma ya gari ni laini mno na linaingia kila tundu. Likishaungana na grisi iliyokuwepo, pini inachelewa kurudi au inagoma kabisa, na wewe unaligundua hilo siku gari limezama hadi ekseli. Hapo tena unatafuta dizeli ya kuisuuza huku wageni wamesimama kwenye jua.

Ya juu ya boneti inakula upande wa macho ya dereva, na kazi yetu ni ya macho. Ya juu ya keria inaongeza uzito pale ambapo magari yetu yenye paa la kuinuka tayari yana uzito wa kutosha. Halafu fikiria kupanda juu, viatu vina tope, kushusha chuma cha kilo 13 peke yako.

Hizo kilo 13 ndizo zinazonifanya niandike kirefu. Nje, jeki ikichomoka inaanguka barabarani. Ndani, inaenda kwa watu. Hata kwa mwendo wa kilometa 50 kwa saa tunaoruhusiwa hifadhini, gari likigonga kitu kigumu likasimama pale pale, kila kilichomo kinaendelea mbele. Kwenye ajali ya namna hiyo nguvu inaweza kufika mara 20 ya uzito wa kitu, maana yake jeki inavuta bolti zake kama mzigo wa kilo 260. Sasa weka mzigo huo kwenye skrubu mbili zilizoshika bati la ubavuni, na mbele yake kuna mama na watoto wake wawili wamekaa.

Gari nililinunua likiwa na jeki hiyo ndani tayari. Gereji iliyoifunga awali, nje ya Arusha, iliilaza kwa urefu wa gari kando ya siti, kitako kikiangalia mbele, ikafungwa kwa mkanda wa racheti kwenye miguu ya siti. Mkanda ulikuwa umeanza kuchanika pale unapokutana na kingo za nguzo. Sikutaka kumpakia mgeni hata mmoja kabla ya kuitoa.

Fundi wa Unga Limited alianza na jambo lililonifanya nimwamini: aliingia uvunguni kwanza. Kwenye 78 matangi ya mafuta yako chini ya sakafu ya nyuma, na karibu yake kuna mipira ya mafuta, paipu za breki na nyaya. Anayetoboa sakafu kutokea juu bila kulala chini kuangalia anacheza na maisha. Alichora chini kwa chaki, akapima, akarudi juu akachora tena. Nilipomwonyesha pale nilipodhani panafaa, aligonga kwa kidole cha katikati, pakalia kama debe. "Mkuu, hapa ni bati tupu. Hapashiki kitu." Akasogea kama shubiri moja, akagonga tena, mlio ukawa mzito. Chini ya hapo kulikuwa na ubavu wa bodi, kile chuma kilichokunjwa kinachokatiza sakafu kutoka upande hadi upande.

Alitengeneza stendi mbili za chuma cha milimita 6, kila moja ikiwa na engo ya kuiegemeza upande wa mbele ili isilale gari likifunga breki. Kuchomelea kote kulifanyika mezani, mbali na gari. Hakuna kilichochomelewa kwenye bodi, kwa sababu ya hayo matangi. Stendi zimeshikwa na bolti za milimita 10 zenye namba 8.8 kichwani, alama ya uimara wake, na chini ya sakafu kila mguu una sahani ya chuma pana kama kiganja ili nguvu isambae, isichane bati. Nati ni zile zenye plastiki ndani, zisizolegea kwa mtikisiko. Alipotoboa aliifunga drili kizuizi cha mpira ili isizame kupita unene wa chuma. Kila tundu lilipakwa rangi ya kuzuia kutu kabla bolti haijaingia, na chini pakazibwa na silikoni.

Jeki imelala kwa upana wa gari, juu kidogo ya matao ya magurudumu. Inchi 48 ni kama sentimita 122, na kwenye 78 inaenea hapo bila kubana milango ya nyuma. Kuilaza hivyo kuna faida mbili. Gari likisimama ghafla, jeki inakutana na mgongo wa siti kwa ubavu wake wote badala ya kumwelekea mtu kwa ncha. Halafu unaweza kuifikia ukiwa ndani, kwa kupita katikati ya siti. Kwangu hii ya pili ni kubwa, maana milango ya nyuma ina tairi la spea, na nikikwama matako ya gari yakiwa yameegemea ukingo wa korongo, milango haifunguki.

Nguzo ya jeki ina matundu kuanzia juu hadi chini, hivyo stendi zinaishika kwa bolti zinazopita kwenye matundu hayo. Hapa kulikuwa na jambo la kurekebisha. Mwanzoni kulikuwa na nati za mabawa, zile za kufungua kwa vidole. Mawimbi ya barabara ya Naabi yalizilegeza. Nilirudi, fundi akaziondoa bila ubishi na bila kudai pesa, akaweka nati zenye mkono mrefu wa kushikika hata kwa glovu, na pini ya usalama mwishoni. Tangu hapo hazijasogea. Kwenye bolti za sakafu amechora mstari wa rangi nyeupe unaotoka kwenye nati hadi kwenye sahani. Mstari ukikatika, nati imezunguka. Naangalia mistari hiyo kila ninaposhusha wageni.

Kelele ilikwisha kwa mpira wa tyubu ya lori. Vipande viwili kwenye stendi, na kipande kingine kinachofunga mkono wa jeki kwenye nguzo, kwa sababu mkono ndio unaopiga kelele kuliko kitu kingine chochote. Mgeni anayerekodi sauti za simba asubuhi hasikii chuma.

Madirisha na paa vikiwa wazi vumbi linaingia hata ndani, ila si lile la nje. Fundi cherehani wa mjini alinishonea soksi ya turubai inayofunika sehemu ya pini. Mwisho wa safari nazipiga pini mafuta mepesi, nazipandisha na kuzishusha kidogo, nafuta.

Ndutu, kipindi nyumbu wanazaa, udongo mweusi ulipolowa gurudumu la nyuma kushoto lilizama. Jeki ilitoka mahali pake kabla dereva mwenzangu hajamaliza kugeuza gari lake aje kunivuta. Nimeweka pamoja nayo ubao mnene wa mraba, kwani kitako cha Hi-Lift ni kidogo na kwenye tope kinazama chenyewe badala ya kuinua gari. Kiwanda kinaipa uwezo wa ratili 4,660, kama kilo 2,100, kwa hiyo unainua kona au upande mmoja, na unainulia kwenye bampa ya chuma, kamwe si kwenye bodi. Mtu asiingie uvunguni. Na wakati wa kushusha, uso na kidevu vikae mbali na mkono, kwa sababu mkono ukikuponyoka ukiwa na mzigo unarudi kwa kasi ya kuvunja taya. Kwa pancha ya kawaida kwenye ardhi ngumu bado natumia jeki ya mafuta.

Nisichokipenda ni nafasi. Stendi zimekula sehemu ya mizigo, na mabegi makubwa ya familia sasa yanapangwa kwa kufikiri. Kifuniko cha friji ya vinywaji pia kinagusa nguzo ya jeki kabla hakijafunguka chote, kwa hiyo chupa za chini unazitoa kwa kupinda mkono. Hilo lingeonekana mapema kama friji ingekuwa ndani ya gari siku ya kupima, na ndilo ningemwambia kila anayepeleka gari lake: peleka na mizigo yako yote ya safari, siti zikiwa mahali pake.

Gharama ya stendi, bolti na ufundi haikufika robo ya bei ya jeki, na gari lilikaa kwa fundi siku moja hadi jioni. Gari la mdogo wangu, Defender 110, linaingia kwake baada ya msimu. Sakafu yake ni ya alumini, hivyo tumekubaliana kwamba bolti zitashuka hadi kwenye chuma cha chasisi, na kati ya chuma na alumini kutawekwa mpira ili visilane kwa kutu. Friji yake itakuwa ndani siku hiyo.