Uzoefu wangu na ProblemDetail ya Spring Boot 3: nyota nne

Mfumo ninaoutunza hapa Mombasa ni wa kukodisha nyumba za wageni Nyali na Bamburi. Mgeni anachagua nyumba, anatumiwa ombi la M-Pesa kwenye simu, anaweka PIN, basi. Mfumo nilioupokea ulikuwa na jibu moja kwa kila lililoharibika: 500 (nambari ya HTTP ya kosa la seva) na maneno "hitilafu imetokea". Watu wa mapokezi walikuwa wanapiga simu kuuliza wafanye nini, na walikuwa na haki kabisa.

ProblemDetail ni kifaa cha Spring Boot, mfumo wa Java wa kuandikia programu za seva, cha kueleza kosa kwa mpangilio mmoja. Inafuata RFC 9457 ya 2023 (RFC ni hati ya viwango vya intaneti), iliyochukua nafasi ya RFC 7807 ya 2016. Kosa linarudi kama application/problem+json likiwa na type (anwani inayotaja aina ya kosa), title, status, detail na instance, na unaruhusiwa kuongeza sehemu zako. Mimi nimeongeza moja tu, code, yaani msimbo wa kosa, na hiyo ndiyo imebeba kazi yote.

Chukua malipo. M-Pesa ikirudisha 1, salio halitoshi. 1032, mwenye simu ameghairi. 1037, simu haikupatikana. Kwenye hesabu yote matatu ni kitu kimoja, pesa haijaingia, na ombi la kuthibitisha nafasi nalikataa kwa 409, nambari ya HTTP ya mgongano. Lakini kwa dada aliye mapokezini hayafanani hata kidogo. Salio likiwa halitoshi, amwambie mgeni aongeze pesa au alipe kwa njia nyingine. Akiwa ameghairi, amuulize kwanza kama bado anaitaka nyumba. Simu ikiwa haipatikani, ahakikishe imewaka na ina mtandao, ndipo atume tena. Kwa hiyo nina MALIPO_SALIO_HALITOSHI, MALIPO_YAMEGHAIRIWA na MALIPO_SIMU_HAIPATIKANI, na kila mmoja una kitufe chake kwenye ukurasa. Sipitishi 1032 yenyewe hadi kwa mtumiaji. Kadi ya benki haiijui 1032, ila mgeni anayelipa kwa kadi naye anaweza kughairi.

Kilichonifurahisha zaidi ni lugha. Spring inatafuta maneno ya title na detail kwenye faili za ujumbe, kwa hiyo nimeandika messages_sw.properties, na simu inayoomba Kiswahili inajibiwa Kiswahili. Maneno nayarekebisha ninapotaka. Msimbo siugusi: ukishatoka nje haubadilishwi maana, na uliostaafu haupewi kosa jingine. Nasisitiza hili kwa sababu wapo wanaoandika programu inayolinganisha sentensi nzima ya kosa. Ukiondoa koma moja tu, programu yao inakwama.

Sasa kasoro. Kwa makosa ya Spring yenyewe, ProblemDetail imezimwa mwanzoni. Lazima uweke spring.mvc.problemdetails.enabled=true, na asiyejua atadhani haipo. La pili limenikera kweli: fomu ikijazwa vibaya, jibu la kawaida linasema tu "Invalid request content." Sehemu gani ina kasoro? Halisemi. Mgeni aliyekosea tarehe ya kuondoka anaachwa akikagua fomu nzima. Nimelazimika kuandika kipande changu cha kukusanya jina la kila sehemu yenye kasoro pamoja na sababu yake. Si kazi kubwa, lakini karibu kila mwenye fomu ataihitaji.

Pia usitegemee ProblemDetail ikuchagulie majina ya misimbo. Usipojaza type inabaki about:blank, na hapo mtumiaji wa API (njia ambayo programu nyingine huwasiliana na mfumo wako) hana zaidi ya nambari ya HTTP. Kaeni na watu wa mapokezi au wa huduma kwa wateja kabla ya kuandika hata msimbo mmoja, muwaulize wanafanya nini kila kosa linapotokea. Makosa mawili wanayoyatatua kwa njia moja yape msimbo mmoja. Wanayoyatatua tofauti, yatenganishe, hata kama kwenye seva yametoka mstari mmoja.

Kama API yako inatumiwa na watu nje ya timu yako, ichukue. Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu ya zile fomu.