Ziara ya kutazama ndege wa porini Kissimmee, Florida, Marekani: nyota nne kati ya tano

Bei ni dola 60 kwa mtu mzima, nusu siku, darubini wanakuazima wenyewe. Mke wangu ndiye aliyelipa. Mimi mtoto wa Kongwa, mchunga ng'ombe tangu sijaota meno ya ukubwani, nilipoona yangeyange kwenye orodha yao nilicheka. Dola 60 kumwona ndege wa zizini kwetu?

Ila yule muongozaji anaijua kazi, haki yake apewe. Alisimamisha gari kando ya malisho, akasimika darubini kubwa ya miguu mitatu, akanyamaza. Yangeyange mmoja alikuwa anakwenda sambamba na kwato za ng'ombe, shingo inayumba huku na huku, kichwa kimetulia tuli. Panzi akiruka tu, kwisha habari yake. Ulikuwa msimu wa kutaga, kwa hiyo utosi, kifua na mgongo vilikuwa na rangi ya chungwa iliyofifia.

Maelezo yake ndiyo yaliyonifanya nisione pesa imepotea. Ndege huyu hakubebwa na mtu. Alivuka Atlantiki kwa mbawa zake kutoka Afrika, akaonekana pande za Suriname na Guiana, Amerika Kusini, mwishoni mwa karne ya 19. Florida alifika mwaka 1941, na mwaka 1953 viota vyake vikapatikana Ziwa Okeechobee. Watu walikuwa wanafyeka misitu na kuingiza ng'ombe. Yeye akakuta meza imeandaliwa.

Karatasi yao ya orodha ndiyo imepitwa na wakati. Bado inamwandika kwa jina la kisayansi Bubulcus ibis; Bubulcus ni jenasi (kundi la spishi jamaa) aliyotengewa na mtaalamu wa ndege Bonaparte mwaka 1855. Vipimo vya DNA vimemrudisha kwenye jenasi Ardea, kule kule alikowekwa na mwanasayansi Linnaeus mwaka 1758. Na yule wa Asia sasa wengi wanamhesabu spishi nyingine, Ardea coromanda: msimu wa kutaga, rangi yake inapanda hadi mashavuni na kooni. Muongozaji alilieleza hilo vizuri kwa mdomo, basi wachapishe upya jamani, karatasi ni bei gani?

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya kiyoyozi kibovu, na muda mrefu mno kwa mamba ambao hata hawakutikisika. Watoto walilala. Ukienda, kaa upande wa kushoto wa gari, na ubebe chakula chako. Wao wanatoa maji tu.