Chanjo ya mbwa wangu ilikuja mfukoni mwa suruali

Mnaniuliza kuhusu daktari wa mifugo aliyemchanja mbwa wangu, mumwite msimwite, na nampa ngapi kwa kumi. Naanza na mfuko, maana mengine yote ningeweza kuyameza. Mfuko wa suruali. Mtu kashuka kwenye bodaboda saa saba na nusu mchana, hapa Sahare, jua la kaskazi la Tanga mnalijua wenyewe, anaingiza mkono mfukoni kama anayetafuta chenji ya konda, anatoa vichupa viwili. Kimoja kina unga ulioganda chini kama chumvi ya mawe, kingine kina maji. Anavipuliza vumbi. Anavigonganisha. "Haya, mlete mtoto."

Mimi nauza samaki. Saa kumi alfajiri niko soko la samaki la Deep Sea, nachukua changu, tasi, vibua, nguru siku akipatikana, nalaza kwenye deli, tabaka la barafu tabaka la samaki. Miaka kumi na ushei sasa. Mengi ya dunia hii siyajui, lakini baridi naijua. Kitu kilichotoka kwenye baridi hutoa jasho, ukikishika vidole vinalowa. Kile kichupa nilikishika. Kilikuwa kikavu, na kina joto la paja lake.

Nikamuuliza kwa adabu kabisa, "Daktari, barafu iko wapi?"

Akacheka. Akanitazama kuanzia kanga mpaka ndara, akasema, "Mama, hii ni ya mbwa, si ya mtoto wako."

Nilinyamaza. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilinyamaza. Sokoni mtu akiniambia vibua wangu wamelala namjibu kabla hajafunga mdomo, lakini pale nikasimama kama niliyemwagiwa maji.

Mbwa mwenyewe anaitwa Mtasema, na majirani wanajua kwa nini. Mimi ni Mwislamu na sikufuga mbwa kwa mapenzi, wezi ndio walionifugisha. Waliiba majogoo, wakaiba baiskeli ya mwanangu, mara ya tatu wakabeba deli. Tupu! Mwizi anayeiba deli tupu huyo anakutafuta wewe, si mali yako. Basi mjomba wa Muheza akaniletea vitoto viwili kutoka kwa jike lake, mimi nikachukua dume, jirani wa ukuta wa pili akachukua dada yake. Mtasema ana banda lake nyuma, ndani haingii, chombo chake hakichanganywi, na watoto wanajua kuosha panapostahili kuoshwa. Mwenye swali la dini akamuulize shehe wake.

Alikuwa na wiki saba hivi. Kila mtu akaniambia mchanje, mchanje, nikachukua namba iliyoandikwa kwa chokaa kwenye mlango wa duka moja la dawa za mifugo, ndiyo akaja bwana mfuko.

Sindano nilimshikia mwenyewe, yeye hakutaka kuchafuka shati. Alivuta maji ya kichupa kimoja akayasukuma kwenye ule unga, akatikisa, akachoma nyuma ya shingo. Kadi akajaza kwa kalamu, mwandiko wa daktari kweli, alama ya vema moja mbele ya "magonjwa matano". Akakunja shilingi 25,000 yangu, akaitia mfuko ule ule. "Tayari. Mpaka mwakani."

Mpaka hapo hukumu yangu ilikuwa nyepesi: msimwite. Sifuri kwa kumi, na hiyo sifuri yenyewe ya kukopa.

Siku kama tisa au kumi zikapita, tulikuwa tumeingia mfungo. Mtasema akagoma uji. Asubuhi yake akatapika povu la njano. Jioni akaanza kuhara, damu tupu, na harufu yake jamani. Mimi ninayeshinda na matumbo ya samaki nilitoka nje kuvuta pumzi. Kufika saa tano usiku alikuwa amelala ubavu, macho yamezama, ukivuta ngozi ya mgongo hairudi, inabaki imesimama kama kanga iliyotiwa wanga.

Nikampigia simu. Sikumpigia kumwita, nilimpigia kumtukana. Maneno nilikuwa nimeyapanga kama nyanya sokoni, mafungu mafungu. Akasikiliza yote. Nilipoishiwa akauliza, "Anatapika au anahara?"

"Vyote."

"Nakuja."

Na akaja, watu wangu. Nusu saa haikufika. Akapiga magoti kwenye kinyesi kile na shati lake alilokuwa akilionea huruma, akanyoa kiguu cha mbele kwa wembe, akatafuta mshipa uliokuwa mwembamba kama uzi wa mkonge. Mara ya kwanza akakosa. Mara ya pili akakosa, nikamsikia anasema "bismillah" chini kwa chini. Mara ya tatu damu ikarudi kwenye mpira. Dripu akaitundika kwenye kamba ya kuanikia nguo, kati ya sare ya shule na taulo, akageuza ndoo yangu ya samaki, akaikalia.

Akaniambia hii ni parvo, mmoja wa yale magonjwa matano ya kwenye kadi. Dawa ya kuua kirusi chenyewe hamna, akasema, kazi ni kurudisha maji na chumvi, kuzuia kutapika, na kuchoma antibayotiki kwa sababu utumbo umechubuka na vijidudu vinapenya kuingia kwenye damu. Akakaa mpaka daku. Nikampakulia wali wa nazi na changu wa kukaanga, akala bila neno, akatazama matone. Siku tatu alikuwa akirudi usiku. Siku ya nne Mtasema akanywa maji mwenyewe na kumbwekea kuku. Nilipouliza deni, akanitajia dripu na dawa tu. Za kukesha hakuzitaja.

Dada yake wa ukuta wa pili, ambaye hakuchanjwa kabisa, alikufa usiku wa pili. Walimzika chini ya mwembe. Nilimwambia jirani asilete mwingine haraka, kirusi hiki kinaweza kukaa kwenye udongo mwaka na zaidi, na spiriti hakiijali. Ni jiki, kipimo kimoja kwa maji thelathini, sakafuni na kwenye vyombo. Sijui kama alinisikia, alikuwa analia.

Sasa hapo niandike nini? Mtu kaniletea chanjo mfukoni, kanicheka uwanjani kwangu, halafu kakesha na mbwa wangu mwezi wa Ramadhani. Nikampandisha mpaka nne. Halafu nikaona haya, nikampa sita.

Kuna kijana amesomea mifugo pale Buhuri, mteja wangu wa vibua. Nikamsimulia huku nampalia magamba, nikitegemea atanipa silaha. Akamtetea! Akasema hata ile chanjo ingetoka kiwandani mpaka Sahare bila kuonja jua, bado ingeweza kushindwa. Kitoto cha mbwa hunyonya kinga ya mama yake, na ile kinga ya mama ikiwa bado ina nguvu huipiga chanjo kabla mwili wa mtoto haujajifunza kitu. Inakwisha lini? Kila mtoto na siku yake. Ndiyo maana wanaanza wiki ya sita mpaka ya nane na kurudia kila baada ya wiki tatu au nne, mpaka afike wiki kumi na sita. Ya kichaa anachomwa akitimiza miezi mitatu. Tena, akasema, huenda Mtasema alishakiokota kirusi siku zile zile za sindano, kabla kinga haijajengeka. Kwa hiyo mfuko labda hauna kosa.

Nikashusha pumzi. Nikasema moyoni, saba.

Angenyamaza hapo ningebaki na saba yangu. Lakini kijana akaendelea. Ule unga kwenye kichupa una virusi hai waliodhoofishwa, wanatakiwa kukaa nyuzi 2 mpaka 8 toka mwanzo mpaka mwisho, na ukishachanganywa na maji unachomwa hapo hapo. Wa distempa, ugonjwa mwingine kati ya yale matano, ndio dhaifu kabisa kwa joto. Na distempa si mafua ya mbwa: mwaka 1994 iliingia Serengeti, na inaaminika ilitoka kwa mbwa wa vijiji vya jirani, ikaua kiasi cha theluthi ya simba. Simba! Mimi nimeletewa kinga yake kwenye joto la paja.

Na hiyo habari ya kurudia, nani alikuwa wa kuniambia? "Tayari, mpaka mwakani." Alisema hivyo, na mwanangu shahidi.

Lakini lililoniwasha kweli ni kile kichupa cha maji. Nilidhani ni maji tu ya kuchanganyia. Kijana akasema kwenye chanjo nyingi za aina ile hayo maji ndiyo kinga ya homa ya mgunda. Homa ya mgunda si ile iliyotangazwa Lindi mwaka 2022, watu wakatoka damu puani na wengine wakafa? Ndiyo hiyo hiyo, inatoka kwenye mkojo wa panya, na mbwa naye akiugua anaikojoa. Mwanangu ndiye anayefagia banda la Mtasema. Peku. Sasa nirudie ile kauli, niiandike tena niione vizuri: "hii ni ya mbwa, si ya mtoto wako." Nani kakudanganya, daktari? Ile ya kichaa nayo ya nani? Mbwa akishika kichaa hamng'ati mbwa mwenzake tu. Na mtu akishaonyesha dalili, hapo hata hospitali ya Bombo watakuombea dua tu. Mimi nimemchanja mbwa kwa sababu nina mtoto. Basi.

Tukarudi sifuri.

Nikamfuata dukani, safari hii sikunyamaza. Nilimwaga yote, ya mfuko, ya kurudia, ya mgunda, wateja wawili wamesimama na dawa zao za kupe wanasikiliza. Akajibu kwamba ya kichaa inavumilia joto kuliko watu wanavyodhani, na utafiti wake umefanywa hapa hapa Tanzania. Nikaenda kumuuliza kijana wa Buhuri nikiamini ni uongo. Ni kweli. Ikaniuma zaidi kwa kuwa ni kweli. Lakini mimi siku ile sikuchomewa ya kichaa, nilichomewa ya magonjwa matano, na hiyo haina uvumilivu huo! Nikarudi dukani kumwambia. Siku moja, mara mbili, na mfungo juu.

Mara ya pili alikuwa peke yake. Akakwangua meza kwa kucha, akasema, "Deli langu liliibwa, mama."

Sikuwa na la kusema. Nilisimama pale na maneno yangu yote, na mimi ni mtu niliyeibiwa deli. Nikaona kama tumeibiwa na mwizi mmoja. Angetamka neno hilo siku ile ya kwanza, hilo tu, ningeingia ndani nikampa langu dogo akaenda nalo mpaka Pongwe na kurudi. Kwangu barafu haikosekani, ndiyo kazi yangu. Badala yake akaona aibu, na aibu yake akanivisha mimi, akanicheka kanga na ndara. Karatasi inayobandikwa pembeni ya kichupa nayo hakuibandua kuiweka kwenye kadi yangu, kama wanavyofanya wenye kazi yao. Mpaka leo siwezi kuthibitisha Mtasema alichomwa nini. Hilo nalo mwizi kaiba?

Kwa hiyo mnaoniuliza mumwite msimwite, jamani sijui. Usiku wa manane ukiwa na mbwa anayekufa, mwite, hutapata wa kumzidi. Mchana wa jua kwa ajili ya sindano, mpekue kwanza.

Mimi nimemwita. Kesho ni zamu ya kurudia, pamoja na ile ya kichaa. Deli dogo nimelisugua kwa limau mara tatu, halina tena hata fununu ya kibua. Ndani nimelaza chupa mbili za maji yaliyoganda, nimezizungushia kipande cha kanga kuukuu, maana kijana kanionya kuwa kichupa kisiguse barafu, zile za majimaji zikiganda nazo zimeharibika. Saa kumi na mbili asubuhi bodaboda wangu analipeleka dukani, anavichukua vichupa vikitoka kwenye friji, na daktari anapanda nyuma yake. Nimeshawaambia wote wawili. Kadi iko mezani, na 25,000 iko kwenye pindo la kanga, haifunguliwi mpaka nione karatasi ya kichupa imebandikwa.