Nlimpeleka mamkubwa Jozani nikidhani napoteza pesa

Mie mtoto wa Kikwajuni, mjini Unguja, nimezaliwa hapa nimekulia hapa, na mpaka mwezi ulopita nlikuwa sijaingia msitu wa Jozani hata siku moja. Njia ile ya Makunduchi nimepita sijui mara ngapi, harusi, maziko, Mwaka Kogwa, na kila tukifika pale kwenye matuta dereva anapunguza mwendo, tunawaona wazungu wanashuka na makamera yao, sie tunaambizana "hao wanakwenda kutizama kima" tunacheka tunaendelea na safari yetu. Kima! Mtu kapanda ndege usiku kucha kuja kutizama kima. Ndo ilokuwa akili yangu.

Sasa mamkubwa wangu kaja kutoka Wete, Pemba, kwa harusi, harusi ilipokwisha akabaki wiki mbili, asubuhi moja tunakunywa chai na boflo akaniuliza, "Hivi hawa wageni wote wanaoteremka hapo bandarini wanakwenda kuona nini?" Nikaanza kumtajia, kisiwa cha Changuu, Mkunazini palipokuwa soko la watumwa, Jozani, nataja kwa vidole kama nafanya mtihani. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema "na wewe umeviona?" Nikajifanya namimina chai.

Basi Jumamosi nikaazima noah ya jirani, tukajipakia mie, mamkubwa na wanangu wawili. Siku mbili pahala patatu. Nawaandikia wenyeji wenzangu hapa, wageni wana vitabu vyao.

Tulianza Changuu, mana ndo karibu, ukisimama Forodhani unakiona. Boti tulichukulia ufukweni na hapo ndo pa kutia akili. Papasi mmoja, hawa wanaowinda wageni wa kutembeza, kanisikia nagombeza mwanangu kwa Kiswahili cha hapa hapa mjini, halafu akanitajia bei kwa dola. Dola! Nikamwambia mwanangu mie nyumba yangu nikipiga ukelele hapa wanasikia. Akacheka akashusha, lakini kushusha kwenyewe ni kutuchanganya na kundi jengine, tumeshakaa ndo naona laifjaketi hazitoshi, watu kumi na tatu zipo tisa. Nikakataa kuondoka mpaka zikaletwa nyengine. Watu walininunia, wacha waninunie. Nyie mkienda hesabuni kabla hamjakaa, na bei muipatane kabla mguu haujaingia majini.

Kwenye boti ni kama nusu saa. Kisiwa chenyewe habari yake ya ajabu. Lloyd Mathews, yule Mngereza alokuwa waziri wa masultani, alikinunua mwaka 1893, ikajengwa jela, na jela ile haikufunga mtu. Ikaja kutumiwa karantini, meli zikija na wasiwasi wa homa ya manjano watu wanashushwa pale kwanza. Mamkubwa kasikia hivo akasimama mlangoni akatizama ndani, "Jela haikuona mfungwa, na jina hadi leo jela. Mtu ukishapakwa jina basi." Kuna mkahawa pale, sie tulikuwa na vitumbua vyetu.

Kobe ndo watoto waliwapenda. Kobe wale asili yao si hapa, ni wa Aldabra huko Shelisheli, walikuja zawadi mwaka 1919, wanne tu, hawa wengine ni kizazi. Wamechorwa namba mgongoni kwa rangi, umri wao, kuna walopita mia zamani. Mwanangu mdogo kamuuliza mamkubwa "bibi huyu unamjua?" Unapewa majani unamlisha, lakini utamu wake ni kumkuna shingo. Ngozi ni kama kiwiko cha mzee. Unamkuna pale chini ya kidevu, anajinyanyua kwa miguu yote minne, taratibu, na shingo inatoka, inatoka, inazidi kutoka mpaka unajiuliza ilikuwa imekaa wapi, halafu anafumba macho. Mamkubwa kamkuna mmoja dakika kumi, watu wamepanga foleni nyuma yake na yeye wala.

Nilichokichukia ni watu kupanda migongoni kwa kobe wapige picha, wamekatazwa na bado wanapanda, wenyeji na wageni wote sawa. Na jua. Ukichelewa mpaka saa sita mchana unachomeka. Changuu naipa nne kwa tano, hiyo moja nimeikata kwa ajili ya ufukweni, si kosa la kobe.

Mkunazini tulikwenda jioni ile ile, na nusra tusiende, mana mamkubwa alisema "kanisani nkafanye nini mie". Nikamwambia hatwendi kusali, tunakwenda kuona pahala palipouzwa watu. Soko la watumwa lilikuwa hapo mpaka 1873 Sayyid Barghash alipotia saini kulifunga, Waingereza wamemkalia kichwani, na kanisa likajengwa juu ya pahala pale pale, Askofu Edward Steere ndo alosimamia. Altari iko pale ulipokuwa mti wa kuchapia. Kuna nguzo za ndani zimesimamishwa juu chini, inasemekana mafundi walizisimamisha hivo askofu akiwa hayupo, na hakuna alozigeuza. Hapo ndo nlipocheka mara moja tu katika ziara ile.

Nje kuna shimo lina sanamu za watu watano, wamefungwa kwa mnyororo mmoja. Ukipiga picha za simu wanaonekana kama mapambo, ukisimama juu yao ukawatizama usoni ni kitu chengine kabisa. Mamkubwa hakusema neno. Kashuka na sie kwenye vyumba vya chini, dari fupi unainama, dirisha ni kipenyo tu, muongozaji anaeleza watu wangapi waliwekwa mle, mamkubwa kashika ukuta kwa mkono mmoja, mkono mwengine kamshika mjukuu wake. Akatoka akakaa chini ya mti akaomba maji. Njia nzima ya kurudi kimya, mpaka tumefika Darajani ndo kasema "na sisi babu zetu walikuwa upande gani?" Sikuwa na jibu, na mie si mtu wa kukosa jibu. Mkunazini siipi nyota, si pahala pa kutiliwa nyota. Nendeni tu, na watoto wakubwa kidogo muwapeleke.

Sasa Jozani. Jumapili, tukaondoka saa mbili asubuhi, si mbali, kilomita thelathini na kitu. Pale mlangoni chukua kitambulisho chako cha Mzanzibari, mwenyeji analipa shilingi tena kidogo kuliko mgeni, nimeona mtu kasahau chake anabishana dirishani mpaka sauti imemkauka. Kiingilio kina muongozaji ndani yake. Wetu alikuwa kijana wa vijiji vya hapo hapo, akaanza na Kiingereza kwa mazoea, "welkam", mamkubwa akamkatiza, "Mwanangu, sema tukusikie." Kijana alifurahi mpaka meno ya mwisho, na kuanzia hapo akawa anamuelekea yeye tu, bibi hivi bibi vile, sie tuliokaa mjini tukawa wasindikizaji.

Nlitegemea kutembea saa mbili ndo uone mkia. Wallahi tumevuka barabara tu, upande wa pili karibu na mashamba, tukawakuta wamekaa. Kundi zima! Wengine kwenye matawi ya usawa wa kichwa changu, wengine chini kabisa, wanakula majani machanga ya mti wa mkungu kama watu wanaokula karanga barazani. Mgongo mwekundu wa kutu, tumbo jeupe, mabega meusi, uso mweusi una pua ya waridi, na nywele nyeupe zimemsimama kichwani pande zote kama mzee aloamshwa usingizini. Mmoja alikuwa hatua mbili kutoka kwangu akavuta tawi, nikauona mkono wake vizuri: vidole vinne virefu, dole gumba hamna. Hamna kabisa, pana kifundo tu. Muongozaji akasema ndo walivyo, wanashika matawi kwa vidole kama kulabu. Na kitoto chake kilikuwa kimemng'ang'ania tumboni, kikautoa mkono kikamvuta mkia kima mwengine alokaa tawi la chini, yule akageuka kwa hasira, kitoto kikajificha chini ya mama kama si yeye. Wanangu walicheka mpaka wakaambiwa washushe sauti.

Hao ndo kima punju, na kama hujui, duniani asili yao ni Unguja tu. Ukiwahesabu wote hawafiki 6,000. Jina la kitaalamu wamepewa la John Kirk, balozi wa Waingereza hapa zama za Barghash, kana kwamba yeye ndo alowazaa. Punju ni sumu, wazee waliamini kima hawa wana sumu na kwamba mbwa akimla hunyonyoka manyoya. Sumu yenyewe ukiisikiliza ni kwenye chakula chao: majani ya mwembe na ya mkungu yana vitu vinavyosumbua tumbo, basi wao wanajitibu, wanakula mkaa. Mkaa huu huu wa jikoni. Wanakwenda kwenye matanuri ya zamani, wanaokota kipande wanatafuna, ule mkaa unazuia ile sumu. Mamkubwa kasikia akasema, "Sasa hao si kima, hao waganga."

Halafu yule kijana akampa habari ilomfurahisha kuliko zote. Miaka ya 1970 walichukuliwa kima wachache wakapelekwa msitu wa Ngezi, kule Pemba, kwao mamkubwa. "Kumbe tunao!" anasema. "Miaka yote naishi Wete hakuna aloniambia." Nikamwambia mamkubwa sasa umejua na sie wa Kikwajuni tulivyokuwa. Akanikata jicho.

Na matuta yale tunayoyalaani ndo yamewekwa kwa ajili yao, mana walikuwa wanagongwa sana. Nimewahi kumtukana dereva wa daladala kwa kupunguza mwendo pale. Nisamehewe. Wenye mashamba ya jirani nao wana yao, kima anakula vidaka vya minazi yako na huwezi kumfanya kitu, lakini kijana kasema sehemu ya viingilio inarudi vijijini, kwa hiyo kidogo wanatulia. Msitu wenyewe na ghuba ya Chwaka ni hifadhi ya taifa tangu 2004, kilomita za mraba 50. Ndani kuna paa nunga pia, sie hatukumuona hata kivuli.

Msitu ulipofika mwisho nkadhani tumemaliza, kumbe bado mikoko. Unapanda gari kidogo, unashuka, unakuta njia ya mbao inaingia katikati ya mikoko. Sie tulikwenda maji yanajaa, nasema hivi kwa sababu nimeambiwa yakiwa yametoka unaona matope na mizizi na kaa wengi, sie tulibahatika kuyaona yakiingia. Kwanza matope makavu, kaa wadogo wenye gando moja kubwa wanalitikisa juu kama wanaita daladala, halafu unasikia mchiriziko, hujui unatoka wapi, halafu chini ya mbao pana maji, kidogo kidogo, kaa mmoja mmoja anaingia shimoni mwake. Robo saa tu mizizi ilokuwa imesimama nje kama miguu ya meza imezama. Kimya. Hata wanangu walinyamaza, na hilo peke yake lina thamani ya kiingilio.

Hapo mamkubwa akachukua kazi ya muongozaji. Akamuonesha kijana mti gani unatoa boriti nzuri na upi unaliwa na wadudu, maana marehemu babu alikuwa akikata na kuuza. Kijana naye akamwambia kwamba vyumba vya Mji Mkongwe ni vyembamba kwa sababu hiyo hiyo, boriti ya mkoko ina urefu wake, na chumba hakiwezi kupita urefu wa boriti iloshika dari. Mie nimelala vyumba vile utoto wangu wote, kwa bibi Malindi, tunalalamika kitanda hakipiti, na jibu lilikuwa linaota kilomita thelathini na kitu kutoka mlangoni.

Kasoro zipo. Mbu wa msituni hawana adabu, mvua ikiwa imenyesha wanapita hata kwenye soksi, chukueni dawa. Ziara ya msitu mkubwa ni fupi kuliko nlivyotaka, ukiachia wanakuharakisha, kundi jengine linasubiri. Na tafadhali msiwalishe kima wala msiwaguse, nimeona baba mmoja ananyoosha ndizi ili mtoto apigwe picha, muongozaji kamkemea mbele za watu na kafanya vizuri. Nendeni asubuhi, mchana wanapanda juu kupumzika.

Jozani tano kwa tano, ningekuwa na sita ningetoa.

Mamkubwa kesharudi Pemba. Ijumaa ilopita kanitumia voisi ya dakika nne, kaenda Ngezi na mjukuu wake mwengine kuwatafuta wale kima. Kakaa mpaka alasiri. Anasema kaona mkia mmoja, juu sana, na hana hakika kama si tawi, lakini mkaa kaupeleka, kafunga kwenye kitambaa, kauacha chini ya mti.