Magemu ya Windows Kwenye MacBook Air kwa GeForce NOW: Pima Pingi Kabla Hujalipa

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Leo nazungumza na kila mwenye MacBook ambaye amewahi kufungua Steam, lile duka la magemu la mtandaoni, akaliona gemu alilolinunua kwa hela yake, halafu akakuta limeandikwa ni la Windows tu.

Hii hapa mezani ni MacBook Air ya M1, ile isiyo na feni, RAM GB 8. Na hilo mnaloliona kwenye kioo ni Counter-Strike 2, gemu ambalo Valve, wenye gemu hilo, walisema mwaka 2023 kwamba halitakuwa na toleo la Mac. Linakwenda fremu 60, yaani picha 60, kwa sekunde. Nikishika chini ya laptopu hapa, ina uvuguvugu tu, kama vile naangalia video. Na kwa kweli ndicho inachofanya: inaonyesha video. Gemu lenyewe liko Frankfurt, ndani ya seva, yaani kompyuta ya mbali, ya kampuni ya NVIDIA yenye Windows na kadi ya picha ya RTX. Picha inanijia kwa intaneti, na kila ninapobonyeza mausi, amri inarudi huko huko. Muda wa safari hiyo ya kwenda na kurudi ndio unaitwa pingi. Huduma inaitwa GeForce NOW na ina programu yake ya Mac kabisa, unaisakinisha kama programu nyingine yoyote.

Najua kuna wakongwe mtaniuliza, kwa nini usiweke Windows ndani ya Mac kama zamani? Zamani ilikuwa Mac za Intel, na Boot Camp ilifanya kazi hiyo vizuri. Tangu Apple walipoleta chipu ya M1 Novemba 2020, Boot Camp haipo kwenye mashine hizi. Kuna CrossOver, programu inayoendesha magemu ya Windows kwenye Mac bila kuweka Windows, na kwa magemu ya kucheza peke yako naipenda sana. Shida inaanza kwenye magemu ya mtandaoni yenye ulinzi dhidi ya wadanganyifu. Mara nyingi ulinzi ule unataka Windows halisi, ukiikosa unakufungia mlango. Fortnite nayo ina kisa chake: tangu Epic, wenye gemu hilo, na Apple walipogombana Agosti 2020, toleo la Mac liliachwa bila masasisho. Kwenye GeForce NOW unalicheza leo hii, toleo la sasa, bila kupakua hata GB moja. Kwa mwenye Mac ya GB 256 hilo si jambo dogo, maana Call of Duty peke yake inaweza kumeza zaidi ya GB 100.

Sasa sikilizeni hapa vizuri, kwa sababu wengi wanalipa kabla hawajaelewa. NVIDIA hawakuuzii gemu. Wanakukodishia kompyuta. Gemu unalo wewe kwenye akaunti yako ya Steam, Epic, Ubisoft au Xbox, unaiunganisha, basi. Na si kila gemu lipo, kwa sababu mwenye gemu lazima akubali. Huduma ilipofunguliwa rasmi Februari 2020, Activision Blizzard, wenye Call of Duty, waliondoa magemu yao mwezi huo huo, na Bethesda nao wakatoa karibu yote. Call of Duty ilirudi baada ya Microsoft, walioinunua Activision Blizzard, kusaini mkataba wa miaka 10 na NVIDIA mwaka 2023. Kwa hiyo kabla ya lolote, ingia kwenye tovuti yao, andika jina la gemu lako, uone kama limo.

Bei. Kuna kifurushi cha bure: unapanga foleni, unacheza saa moja, kikao kinakatwa, unapanga tena. Cha kati, Performance, ni dola 9.99 kwa mwezi kwa bei ya Marekani, vikao vya saa 6. Cha juu, Ultimate, dola 19.99, saa 8, na kadi kali zaidi. Vyote viwili vya kulipia vina kikomo cha saa 100 kwa mwezi. Ushauri wangu kwa mwenye Air: usilipie Ultimate. Kioo cha Air kinaonyesha fremu 60 kwa sekunde, hakiwezi zaidi. Ukilipia fremu 120, nusu hutaziona. Mwenye MacBook Pro ya kioo cha 120, au aliyeunganisha skrini kubwa ya nje, huyo namwelewa.

Kuna kitu kimoja kinachowaudhi watu wa Mac, na wengi wanalaumu huduma au kampuni ya intaneti bure. Unacheza vizuri, mara picha inaruka. Inatulia. Baada ya muda kidogo inaruka tena, kwa mpigo ule ule. Mara nyingi chanzo ni AirDrop, ile njia ya Apple ya kurushiana mafaili. Mac inatumia redio ile ile ya Wi-Fi kutafuta iPhone na Mac nyingine zilizo karibu, kwa hiyo inaiacha chaneli yako kidogo, inachungulia kwingine, inarudi. Ukiwa unasoma habari huwezi kujua. Kwenye gemu la kulenga shabaha, huo mruko ndio kifo chako. Zima AirDrop, zima na AirPlay Receiver kwenye mipangilio. Ikiendelea, fungua Terminal, andika sudo ifconfig awdl0 down, weka nenosiri. Tazameni hapa kwenye takwimu za pingi: ule mstari uliokuwa unapanda na kushuka umelala. Dawa kamili ni waya: adapta ya USB-C kwenda Ethernet, moja kwa moja kwenye ruta. Na tafadhali, tumia mausi ya kawaida au pedi. Pedi ya PS5 inashika kwa Bluetooth bila shida. Trakipadi haifai kwa magemu haya.

Sasa ndugu zangu wa nyumbani, Dar, Mombasa, Nairobi, na nyie nawaambia ukweli. NVIDIA wanataka pingi isiyofika milisekunde 80, na wanapendekeza chini ya 40. Mimi niko Ujerumani, seva iko jirani. Kutoka Frankfurt hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya faiba unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi ni milisekunde 70 kabla seva haijafanya lolote. Na nyaya za baharini hazinyooki, zinazunguka. Faiba ya megabiti 200 nyumbani haiwezi kufuta umbali huo. Tena mnakumbuka Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika kwa pamoja, hata kurasa za kawaida zilikuwa zinasuasua.

Halafu kuna bando. Gemu likivuta megabiti 25 kwa sekunde, kiwango wanachotaka kwa picha ya 1080p, saa moja inakula zaidi ya GB 11. Kwa bando la simu usijaribu. Kwenye mipangilio kuna hali ya kubana data, lakini picha inachafuka.

Kwa hiyo ukiwa nyumbani, angalia kwanza kama nchi yako imo kwenye orodha yao, kisha fungua programu na uendeshe kile kipimo cha mtandao kilichomo kwenye mipangilio, bado hujatoa senti. Pingi ikitoka milisekunde 150, sahau Counter-Strike na Fortnite. Magemu ya zamu kama Civilization yatachezeka, kwa sababu huko hakuna anayekuwahi kwa sehemu ya sekunde. Kwa magemu ya mbio na ya risasi, weka hela yako ya kila mwezi, tafuta PC ya mtumba yenye kadi yake ya picha.