Mapazia ya blakauti ya Kariakoo: usingizi nimeupata, joto nimeongezewa

Mimi ni nesi, wiki mbili kila mwezi nipo naiti, na mnaoingia naiti mnajua, unatoka kazini umechoka hoi ukifika kitandani macho makavu. Nilikuwa nalala masaa matatu tu, halafu kazini saa kumi alfajiri ndo usingizi unanishika mpaka maandishi kwenye faili yanapinda.

Sio uvivu jamani. Kuna saa ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana, inajipanga kwa mwanga. Giza likiingia mwili unatoa melatonini, jua likichomoza inakatika. Wamarekani watatu walipewa Nobel 2017 kwa kuichunguza saa hiyo kwenye inzi wadogo wa matunda, kwa hiyo hizi si stori za kijiweni.

Basi nikaenda Kariakoo kutafuta kitambaa cha mapazia ya blakauti, yale mazito yasiyopitisha mwanga. Ushauri: washa tochi ya simu nyuma ya kitambaa kabla hujatoa hela, muuzaji wa kwanza aliniapia mara tatu kwamba ni blakauti, tochi ikapita kama kwenye chujio la chai. Nikapata kingine, elfu 14 mita.

Fundi akaweka ringi, hapo ndo tulipokosea, pazia la ringi linaacha upenyo juu na jua la Dar halisubiri kukaribishwa. Nikapandisha bomba mpaka karibu na dari, pembeni nikabana na vibanio vya nguo, siku hiyo nililala masaa sita na nusu nikaamka sijui ni alfajiri au magharibi.

Ubaya wake ni joto. Hewa haipiti, umeme ukikatika saa nane mchana unaamka umelowa chapachapa. Chukueni chenye mgongo mweupe kwa nje, mimi changu cheusi pande zote.

Na pazia peke yake halitoshi, ukikaa dirishani kwenye daladala asubuhi lile jua linaiambia saa ya mwili ndo kwanza kumekucha. Sasa navaa miwani ya jua, konda mmoja ananiita staa, potelea mbali (ila kama unaendesha mwenyewe usivae, utasinzia).

Nyota 4 kati ya 5. Mume wangu alisema chumba kimekuwa stoo ya mkaa, Jumapili iliyopita kaamka saa saba mchana.