Metoklopramidi au ondansetroni: uzoefu wangu wa dawa za kuzuia kutapika baada ya upasuaji

Kati ya dawa mbili za kuzuia kutapika nilizopewa baada ya kuondolewa uvimbe kwenye kizazi hapa Mwanza, ondansetroni ningeipokea tena, ingawa ilichangia kunifunga choo vibaya, lakini metoklopramidi ningeomba nisichomwe ikiwa ipo nyingine. Nawaandikia hasa wanawake wenzangu, kwa kuwa wodini mgonjwa huelezwa dawa ya maumivu, ilhali ya kuzuia kutapika hupitishwa kwenye mpira wa dripu bila hata kutajwa jina.

Kabla ya upasuaji, daktari wa usingizi aliniuliza kama huwa natapika safarini. Mimi ni mzaliwa wa Nansio, na ziwa likichafuka, kivuko cha kuja Mwanza hunitapisha hata kama sijala kitu. Swali hilo lina msingi wake. Tangu mwaka 1999, mtafiti Apfel na wenzake walionyesha kwamba mambo manne humwongezea mtu hatari ya kutapika baada ya upasuaji: kuwa mwanamke, kutovuta sigara, kuwahi kutapika safarini au baada ya upasuaji mwingine, na kutumia dawa za maumivu za jamii ya mofini. Aliye na yote manne hufikia takriban asilimia 80. Mimi nilikuwa nayo yote, kwani nilianza na mofini nikamalizia na tramadoli.

Metoklopramidi ilituliza kichefuchefu upesi, hilo siikatalii. Ila muda mfupi baada ya sindano miguu ilikataa kutulia, nikapatwa na hofu isiyo na chanzo, nikataka kushuka kitandani huku mshono ukiwa bado mbichi. Shangazi aliyekuwa akiniuguza alidhani ni maumivu, akaomba niongezewe dawa. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alisema ni woga tu. Muuguzi wa zamu ya usiku ndiye aliyetambua. "Pole, mama, hiyo ni dawa, wala si wewe," aliniambia. Dawa hii huzuia dopamini, kemikali inayopitisha ujumbe, kwenye sehemu ya ubongo inayochochea kutapika, lakini huigusa pia sehemu inayoongoza mwendo wa mwili, na ndiyo maana wengine, hasa vijana na wanawake, hukaza shingo au taya, au macho yakapinda juu. Sindano yake ya mshipani inatakiwa isukumwe polepole, kwa muda usiopungua dakika 3, na yangu ilisukumwa haraka mno. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilielekeza kwamba mtu mzima asizidishe miligramu 30 kwa siku, wala siku 5 mfululizo. Wenye ugonjwa wa Parkinson au utumbo ulioziba hawapaswi kupewa kabisa.

Nilipobadilishiwa ondansetroni, mahangaiko hayo hayakurudi. Kichwa kiliuma kidogo. Shida ilikuwa choo, kwa sababu dawa hii hupunguza mwendo wa utumbo, na tramadoli hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo zikikutana mgonjwa mwenye mshono tumboni hujuta kila anapojikamua. Ndugu waliniletea michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa upendo mkubwa, lakini kilichonisaidia ni maji mengi, papai, kutembea koridoni na dawa ya maji ya laktulosi, ambayo ni vizuri kuiulizia mapema kabla choo hakijawa kigumu.

Jambo jingine ambalo wachache hulifahamu ni kwamba ondansetroni inaweza kupunguza nguvu ya tramadoli, kwa kuwa sehemu ya kazi ya tramadoli hupitia serotonini, kemikali nyingine ya kupitisha ujumbe mwilini, na ondansetroni huziba baadhi ya njia za serotonini hiyo hiyo. Maumivu yangu yalikuwa yakirudi kabla ya muda wa dozi, hata daktari akaniongezea parasetamoli, na hapo nikapata nafuu ya kweli. Mwenye tatizo la mapigo ya moyo amweleze daktari kabla ya kuchomwa, kwa sababu ondansetroni inaweza kuyavuruga.

Vidonge vyake nilivinunua famasi ya Kirumba niliporuhusiwa kwenda nyumbani, na ni ghali kuliko vya metoklopramidi. Kwa usingizi nilioupata, bei hiyo sikuilalamikia.